Kutenganisha Moshi na Upepo

Ikifika Septemba, mtu akisimama ufukweni Kabwe na kutazama magharibi, haoni milima ya Marungu iliyo upande wa Kongo. Si kwamba iko mbali mno. Ziwa Tanganyika lina upana wa kilomita 50 hivi kwa wastani, na mvua zikishaiosha hewa, milima hiyo hujitokeza ng'ambo mpaka mabonde yake yakaonekana. Wakati wa kiangazi humezwa na utusitusi wa rangi ya vumbi, na jua huwa jekundu kabla halijagusa maji. Utusitusi huo ni moshi. Umetoka kwenye mashamba yanayosafishwa, kwenye nyasi zinazochomwa ili majani mapya yaote, na kwenye miombo ya Rukwa na Katavi, ya Zambia, na ya Kongo yenyewe.

Wengi wetu huuona moshi huo kama adha ya msimu. Unawasha macho, unakausha koo, na mvua ikinyesha tunausahau. Kumbe safari yake ni ndefu. Joto la mchana huupandisha hadi kilomita 3, 4 au hata 5 juu ya usawa wa bahari, na huko kuna upepo wa mashariki ambao hushika kasi zaidi miezi ya Septemba na Oktoba. Upepo huo huuvusha Kongo na Angola, karibu kilomita 2,000 kutoka hapa, hadi juu ya bahari ya Atlantiki. Nchi za kusini mwa Afrika, kuanzia bonde la Kongo kushuka chini, hutoa karibu theluthi moja ya chembe zote za moshi wa mioto ya nyika na misitu duniani. Sehemu kubwa ya chembe hizo hufika pwani ya Angola na Namibia, ambako chini yake kumetandaa mojawapo ya mawingu ya chini mapana kuliko yote duniani.

Kuna ufundi mmoja ambao kadiri ninavyoufuatilia ndivyo ninavyozidi kuuheshimu, nao ni ufundi wa kulisoma wingu la namna hiyo: kujua kipi kimefanywa na moshi na kipi kimefanywa na upepo. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Wanaoiweza, wawe ufukweni, kwenye mtumbwi au ndani ya ndege, wana tabia moja: hawana haraka ya kutoa jibu.

Kabwe ni mahali panapofaa kuanzia, kwa sababu hapa wingu linagusa riziki moja kwa moja. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa mwanga wa taa: zamani karabai, siku hizi za sola. Asubuhi huanikwa, ama mchangani ama kwenye chanja. Jua likiwaka na upepo ukipita, mzigo hukauka upesi na kushika rangi ya fedha. Anga ikifunga, dagaa hulegea, hubadilika harufu, na bei yake hushuka kabla lori halijapanda mlima kuelekea Namanyere.

Mtazame mama anayejua kuanika. Anachukua dagaa wachache kiganjani na kuwabana kwa kidole gumba. Ngozi ikiteleza, bado wabichi. Mgongo ukivunjika kwa mlio, wamekauka. Baada ya hapo ndipo anainua macho, na hata hapo haanzi na wingu. Anaanza na upepo: unatoka ziwani au unashuka kutoka juu, umebadilika tangu asubuhi au ni uleule. Kisha anapima weupe wa anga. Utusitusi wa moshi hupunguza makali ya jua, lakini haumwagi maji, huo atauvumilia. Wingu lenye kitako cheusi likianza kujikusanya kwenye kingo za uwanda wa Ufipa, anaanua. Mtu wa kuja ataona anga iliyofifia na kusema mvua inakuja. Yeye ameshatenganisha mambo mawili ambayo kwa macho ya mgeni ni kitu kimoja.

Nahodha naye hufanya vivyo hivyo jioni kabla ya kuwasha injini. Sumbawanga na sehemu kubwa ya uwanda wa Ufipa ziko kwenye mita 1,800 hivi, na ziwa liko kwenye mita 770 na ushee. Usiku, hewa ya juu ikipoa huwa nzito, nayo huteremka kwenye ukuta wa bonde hadi majini. Mchana mwendo hugeuka: nchi kavu hupata joto kabla ya ziwa, na upepo ukavuma kutoka majini kwenda milimani. Juu ya mwendo huu wa kila siku kuna upepo wa kusini-mashariki unaotawala takriban kuanzia Mei hadi Septemba, ambao huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini mwa ziwa na kuyafanya ya chini, baridi na yenye rutuba, yapande upande wa kusini. Wingu dogo juu ya maji linaweza kuzaliwa na mmojawapo wa mienendo hii au na yote kwa pamoja. Ndiyo maana nahodha mzoefu hasemi wingu linakuja akaishia hapo. Hutaka kujua linakuja na upepo gani.

Sasa tuingie ndani ya wingu lenyewe. Mvuke peke yake hauwezi kulianzisha. Hewa isiyo na chembe hata moja inaweza kulimbikiza mvuke mara kadhaa ya kiasi kinachotosha kuijaza, na bado isitoe tone. Tone linahitaji kitu cha kushika. Baharini kitu hicho huwa chumvi iliyorushwa na povu la mawimbi, au chembe za salfa zitokanazo na gesi ya viumbe vidogo vya majini. Karibu na nchi kavu huwa vumbi, masizi na moshi. Chembe nyingi zinazofanya kazi hiyo ni ndogo kiasi kwamba elfu kumi zikipangwa kwa mstari mmoja hazizidi milimita moja au mbili.

Mtu wa kwanza kuzihesabu vizuri alikuwa John Aitken, Mskoti, mwishoni mwa miaka ya 1880. Kifaa chake kinastahili kutazamwa kwa karibu. Kilikuwa chombo kilichofungwa, chenye unyevu ndani. Aliingiza hewa kidogo ya nje, akaichanganya na hewa aliyoichuja kwa pamba, kisha akavuta pampu mara moja. Hewa ilitanuka ghafla na kupoa, kila chembe ikajivika maji, na matone yakadondoka kwenye kibamba chenye miraba ya milimita moja moja. Aitken alikiinamia kwa lenzi akahesabu matone ya miraba michache, kisha akapiga hesabu ya hewa yote. Kwenye hewa iliyochujwa ndipo palipo na ufundi. Bila hiyo matone yangeanguka mengi mno, yakagusana, na hesabu ikavurugika. Na isitoshe, hewa safi ilimthibitishia kwamba chombo chenyewe hakikuwa kikizalisha matone ya uongo. Alikibeba kifaa chake hadi kilele cha Ben Nevis kwao Uskoti, na mlima Rigi huko Uswisi, akilinganisha hewa ya upepo mmoja na ya mwingine. Tangu mwanzo, basi, aliyehesabu chembe aliandika na upepo.

Alikuwa na sababu. Chembe bila hewa inayopanda ni vumbi tu. Hewa ikipanda hupoa, na ikipoa hushindwa kubeba mvuke wote iliokuwa nao. Ikipanda polepole, chembe kubwa hunywa mvuke mapema na ndogo hazipati kitu. Ikipanda kwa kasi, mvuke huzidi kabla chembe kubwa hazijaumaliza, na chembe ndogo nazo hugeuka matone. Moshi wa kiwango kilekile unaweza kutoa matone machache leo na mengi kesho, kwa sababu ya kasi ya hewa pekee.

Wahunzi wa zamani wa Ufipa wangeielewa hoja hii haraka kuliko wengi. Walijenga matanuri ya kuyeyushia chuma yaitwayo malungu, marefu kuliko mtu, ambayo hayakuhitaji mivukuto. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda alichunguza mabaki ya kazi yao huku wilayani Nkasi, mwambaoni na uwandani. Hewa ya moto ilipanda ndani ya tanuru, hewa mpya ikavutwa kupitia matundu ya chini, na moto ukajipuliza wenyewe. Wingu la chini la baharini ni tanuru kama hilo lililopinduliwa: kinacholiendesha kiko juu. Kilele chake hupoteza joto kuelekea angani mchana na usiku. Hewa iliyopoa hapo huwa nzito na kuzama, na ile ya chini, iliyochota unyevu kwenye uso wa bahari, hupanda kuchukua nafasi yake. Juu ya wingu kuna tabaka la hewa kavu yenye joto, inayoshuka taratibu kutoka angani, ambayo hulizuia lisipande kupita kilomita moja au mbili. Kwa hiyo wingu hujitandaza badala ya kurefuka. Wataalamu huliita stratokumulasi. Unene wake mara nyingi ni mita mia chache tu, lakini aina hii ya wingu hufunika takriban sehemu moja ya tano ya bahari zote. Bahari iliyo wazi hurudisha sehemu ndogo sana ya mwanga wa jua. Wingu hili hurudisha nyingi, na hivyo huipunguzia dunia joto.

Moshi wa bara ukiingia humo, mambo huanza kufuatana. Katika miaka ya 1970 Sean Twomey alionyesha kwamba maji yaleyale yakigawanyika kwenye chembe nyingi, matone huwa mengi na madogo, na wingu huwa jeupe zaidi. Mwaka 1989 Bruce Albrecht akaongeza kwamba matone madogo huungana kwa shida, manyunyu hupungua, na wingu linaweza kudumu. Baadaye ikaonekana pia upande wa pili: matone madogo hukauka upesi kwenye kilele, jambo linalozidisha kuvutwa kwa hewa kavu kutoka juu, na wingu likakonda. Tena moshi wetu ni mweusi, hunywa mwanga wa jua. Ukiwa juu ya wingu, hupasha joto tabaka lile la juu na kulifanya kizuizi imara zaidi, unyevu ukabaki chini na wingu likanenepa. Ukiwa ndani ya wingu, huikausha hewa ya humohumo na wingu likayeyuka. Moshi ni uleule, wingu ni lilelile, na matokeo yanapingana kwa sababu ya mahali moshi ulipokaa. Na mahali pa kukaa huamuliwa na upepo.

Ugumu wenyewe uko hapo. Moshi hausafiri peke yake. Hewa iliyoubeba hadi Atlantiki imebeba pia unyevu na joto la bara. Ukiona wingu limenenepa siku yenye moshi mwingi, huwezi kusema moshi ndio uliolinenepesha. Pengine ni unyevu uliofuatana nao, au upepo wa chini uliobadilika siku hiyo. Anayetaka jibu la haraka atalipata, na litakuwa si sahihi.

Wanaofanya kazi hii kwa subira wamegundua njia za kuuzunguka ugumu huo, nami napenda namna walivyofikiri. Njia mojawapo ilitolewa na meli. Mwaka 1966 John Conover alichapisha maelezo ya mistari myeupe iliyoonekana kwenye picha za setilaiti juu ya mawingu ya bahari. Ni mawingu yaliyong'arishwa na moshi wa meli zilizopita chini yake. Kusini-mashariki mwa Atlantiki kuna njia kubwa ya meli kati ya Ulaya na Afrika Kusini, na upepo wa kawaida wa pale huvuma sambamba na njia hiyo. Kwa hiyo moshi wa meli haupeperuki sana pembeni. Hubaki ukanda mwembamba, huku kushoto na kulia hali ya hewa ikiwa ileile. Mwaka 2020 watafiti waliotumia ukanda huo walipata walichokitafuta: ndani yake mawingu yalikuwa meupe zaidi kuliko ya jirani. Kulinganisha wingu na jirani yake wa upepo mmoja kulifanya kile ambacho kulinganisha siku na siku hakungeweza kufanya. Mwaka huohuo sheria ya kimataifa ilishusha kiwango cha salfa kwenye mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, na ile mistari myeupe baharini ikapungua.

Kwa moshi wa nyika zetu hapakuwa na ukanda mwembamba kama huo. Ilibidi watu waende. Shirika la NASA la Marekani, chini ya uongozi wa Jens Redemann akisaidiana na Robert Wood na Paquita Zuidema, liliendesha utafiti uitwao ORACLES kwa misimu mitatu: mwaka 2016 kutoka Walvis Bay, Namibia, na miaka ya 2017 na 2018 kutoka São Tomé. Ndege aina ya P-3, ya injini nne za panga, ilishuka hadi mita mia hivi juu ya mawimbi, ikapanda chini ya wingu, ikaingia ndani, ikatoboa kilele, ikapita kwenye moshi, kisha ikarudia, ikichora angani mfano wa meno ya msumeno.

Katika vifaa vinavyobebwa na ndege za namna hii kuna kimoja kinachonifurahisha kwa werevu wake. Ni mdomo wa kuingizia hewa ambao, badala ya kuvuta, unapuliza hewa nje kuelekea mbele. Hewa ya kawaida na chembe zinazoelea ndani yake husukumwa pembeni. Tone la wingu, kwa kuwa ni zito kuzidi vyote hivyo, hupenya. Ndani hukaushwa, maji yakaondoka, na kinachobaki ni ile chembe iliyolianzisha. Anayeipokea anaweza kusema kama ilikuwa chumvi ya bahari au moshi wa nyika.

Hata hivyo uamuzi ninaouheshimu zaidi haukuhitaji kifaa chochote. Sehemu kubwa ya safari za ndege ilitengwa kwa mstari mmoja uliopangwa kabla: ule wa 2016 ulikata baharini kwa mshazari, na wa miaka miwili iliyofuata ulifuata longitudo ya nyuzi 5 mashariki. Ndege iliuruka mstari huo moshi ukiwepo au usipokuwepo, wingu likipendeza au lisipopendeza. Saa za ndege kama hiyo ni ghali, na kila mtafiti angependa kukimbilia palipo na moshi mzito. Lakini anayekwenda tu palipo na moshi hatajua kamwe wingu linafanya nini moshi usipokuwepo.

Subira hiyo ilizaa matunda. Walikuta kwamba pale moshi unapogusana na kilele cha wingu, matone huwa mengi na madogo zaidi kuliko pale penye nafasi katikati ya viwili hivyo. Walikuta pia jambo lisilotarajiwa na wengi: moshi unaoonekana juu ya wingu leo hauelezi vizuri matone ya leo. Kilele hunyonya moshi kidogo kidogo kwa siku kadhaa huku upepo wa chini ukilisogeza wingu kaskazini-magharibi. Ili kulielewa wingu la Alhamisi inabidi ujue lilikuwa wapi tangu Jumatatu. Na mbali zaidi, kwenye kisiwa cha Ascension katikati ya Atlantiki, vipimo vya Wamarekani vya 2016 na 2017 vilikuta moshi wa Afrika kwenye hewa ya chini kabisa, hasa mwezi wa Agosti, katika kisiwa kidogo kilicho peke yake baharini.

Ufundi huu haupaswi kuonekana wa wageni. Mpimaji wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania katika kituo cha Sumbawanga hutoka nje saa ya zamu, huigawa anga mafungu manane kwa macho, na kuandika mafungu mangapi yamefunikwa, kwa wingu la aina gani, kitako chake kiko juu kiasi gani, upepo unatoka wapi, na macho yanafika umbali gani kabla ya utusitusi kuyazuia. Anaandika kila kimoja kwenye nafasi yake, hata siku ambayo hakuna cha kusimulia. Nidhamu yake na ya rubani wa mstari ule wa nyuzi 5 ni moja.

Tena nidhamu hiyo inahitajika sasa kuliko zamani. Wapo wanaopendekeza kunyunyizia mawingu ya bahari chumvi ili yang'ae na kuipoza dunia; Australia ilianza kulijaribu wazo hilo juu ya matumbawe ya Great Barrier Reef mwaka 2020. Pendekezo likiletwa siku moja kuhusu Atlantiki yetu ya kusini, ambako moshi wa Rukwa na wa majirani tayari umo ndani ya wingu, nchi za Afrika zitahitaji watu wao wa kuuliza swali gumu: mmejuaje kwamba ni chembe, si upepo? Watu hao hawatapatikana kwa semina ya wiki moja. Watatoka miongoni mwa waliozoea kuandika mambo mawili kwa nafasi mbili.

Shule yoyote ya mwambao inaweza kuwalea. Inatosha daftari lenye safu tatu: upepo unatoka wapi, milima ya ng'ambo inaonekana au la, na anga imefunikwa mafungu mangapi. Liandikwe saa ileile, siku zenye moshi na zisizo na moshi, mpaka wanafunzi wa darasa moja wawarithishe wa darasa linalofuata. Halina gharama kubwa, na halihitaji kibali cha wizara. Mwalimu wa jiografia anayesoma haya anaweza kulianzisha Jumatatu.